Kompyuta Iliyomfundisha Bura Kusema Hapana

Mnanijia na simu zenu mkononi mnaniuliza, Bibi Martina, wewe umefundisha lugha maisha yako yote, hebu sema ukweli, mashine inaweza kumfundisha mtu Kiingereza? Inaweza. Niliona kwa macho yangu kabla nyie hamjazaliwa, na wengine wenu kabla mama zenu hawajaolewa. Tena ilimfundisha mtu mmoja vizuri kuliko nilivyotaka mimi. Kama mlitegemea bibi ataziponda simu ili mpate la kucheka, mmekosa. Nitawaeleza ilivyokuwa, na nikirukaruka miaka msinisahihishe, maana mimi ndiye niliyekuwepo.

Nilikuwa mwalimu wa lugha kwenye mashamba ya ngano ya serikali, huku Hanang, upande wa Basotu. Kwetu ni Mbulu, juu kule kwenye baridi. Kiswahili nilikikuta shuleni, na Kiingereza nikakikuta baadaye, kwa hiyo najua jinsi mtu anavyofungua mdomo akaona aibu akaufunga. Darasa langu lilikuwa chumba cha mabati kando ya karakana. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima wenye mikono ya grisi: mafundi, madereva wa trekta, na madereva wa kombaini, zile mashine kubwa zinazovuna ngano na kuipura hapohapo. Mashine zilikuja na vitabu vya Kiingereza. Wataalamu waliokuja nazo walikuwa Wazungu, nao walizungumza Kiingereza. Fundi asiyejua lugha hiyo alisimama pembeni na spana yake akisubiri mwenzake amwambie kilichosemwa. Nyie hamjui jinsi jambo hilo linavyomuuma mtu mzima mwenye watoto.

Mkuu wangu wa mafunzo alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Kigoma, mrefu, mpole, lakini ulimi wake ulikuwa unakata. Siku yangu ya kwanza niliingia na somo nililotoka nalo chuoni, mwavuli uko wapi, mwavuli uko juu ya meza. Yeye alikaa nyuma, akasikiliza mpaka mwisho. Watu walipotoka akaniuliza, "Martina, hapa nani ana mwavuli?"

Nikaanza kufuta ubao.

"Basi kesho wafundishe kitu watakachokihitaji keshokutwa asubuhi," akasema.

Akanipeleka karakana, akanivalisha ovaroli ya mtu mwingine, na kwa wiki mbili nikawa nashika vitu kwa mikono yangu. Beringi ni hii. Mkanda ni huu. Hiki kinakaza, hiki kinalegeza. Nikarudi darasani na ndoo ya vyuma badala ya picha. Nawaambia hili wale mnaotaka kuwa walimu: neno ambalo mtu amelishika mkononi likamchafua vidole halimtoki upesi. Kwa nini, sijui. Nimeliona tu.

Shida nyingine ilikuwa ndimi zetu wenyewe. Wengi wetu tuliotoka milimani tuligeuza "z" ikawa "s". Mtu alikuja ofisini akasema kwa heshima zote kwamba anatafuta kasi, na karani akamjibu kwamba kasi ipo tele, aende akasimame mbele ya trekta. Walicheka, na yule mtu akakaa mwezi mzima bila kusema neno mbele za watu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kicheko kinaua lugha kuliko sarufi yote ya dunia. Nilikataza kucheka darasani mwangu, nami nikavunja sheria hiyo mara nyingi, Mungu anisamehe.

Kabla ya kompyuta tulikuwa na redio kaseti. Ndani yake kulikuwa na mama mmoja wa Kiingereza aliyesema sentensi, akanyamaza kidogo, ukairudia. Alikuwa na sauti nzuri, lakini hakuwa na subira: ukichelewa yeye keshasema nyingine. Madereva walimwita Mama Haraka. Mkanda ulipoanza kuchoka, sauti yake ikawa nzito kama ya mwanaume, wakasema Mama Haraka amepata mafua ya Basotu. Baridi ya huku mwezi wa saba mnaijua.

Kisha zikaja kompyuta mbili. Moja ilikufa wiki ya kwanza, maana jenereta letu lilikuwa likipanda na kushuka kila fundi alipoanza kuchomelea vyuma. Ya pili ikaishi. Tuliifunika kwa kitenge changu, tuliivulia viatu mlangoni, na wakati wa mavuno, makapi ya ngano yanapoingia kila mahali mpaka masikioni, hakuna aliyeruhusiwa kufungua dirisha. Haikuwa kama simu zenu. Haikuongea. Ilikuwa kioo cheusi chenye herufi za kijani. Mwalimu alikaa akaandika ndani yake neno la Kiswahili na mwenzake wa Kiingereza, moja baada ya lingine, mamia. Mwanafunzi akaja, kioo kikamwonyesha neno moja, yeye akaandika la pili. Akipatia, linakuja lingine. Akikosea, mashine inalia kidogo, twii, na inamwuliza tena.

Basi hiyo twii ndiyo iliyonishangaza. Wale wanaume wazima waliokuwa wanaogopa mdomo wao wenyewe, kwenye mashine hawakuogopa. Haikucheka. Haikuwaambia wake zao nyumbani. Mtu alikosea neno moja mara ishirini, na mara ya ishirini na moja mashine ikamwuliza kwa heshima ileile kama mara ya kwanza. Mimi sina subira hiyo. Mzee Shabani hakuwa nayo. Kwa hiyo mtu akiniambia mashine haifundishi, namwona hajakaa na watu wenye aibu.

Ujanja nao ulikuwepo. Dereva mmoja, jina lake namhifadhia maana ana wajukuu hapa Katesh, alikuwa akipata yote bila kukosa. Nikamsifu mbele ya wenzake. Kumbe alikuwa amekariri zamu ya maneno: la kwanza beringi, la pili belti, la tatu mafuta, na hakusoma hata moja. Siku nilipobadilisha mpangilio, mashine ililia mpaka mafundi wakaja kuuliza kuna nini. Nyie mnaohesabu nyota kwenye simu, mmoja wenu juzi alinionyesha amefikisha siku mia bila kukosa, nikamwambia hongera, sasa niambie kwa Kiingereza kwamba mbuzi wa bibi ameingia kwenye mahindi. Akaangalia simu.

Sasa niwaambie habari za Bura.

Bura alikuwa dereva wa kombaini, mtu wa Dirma, kijana mrefu aliyezungumza kidogo sana. Darasani alikaa karibu na mlango na hakufungua mdomo. Kwenye mashine alikaa saa nzima. Alinawa mikono kwanza kwa dizeli, kisha kwa sabuni, kisha anainusa, kisha ndiyo anagusa vitufe, kidole kimoja kimoja. Katika msimu mmoja alikuwa ameyamaliza maneno yangu yote, nikawa naandika mapya kwa ajili yake peke yake. Nilisema naandika kwa ajili ya darasa.

Nilimpenda. Haya, nimesema, na mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, nani atanichapa. Yeye aliniita Mwalimu. Hakuwahi kunigusa hata mkono zaidi ya salamu. Lakini asubuhi nikifika nilikuta makapi yamefagiwa mlangoni, na gunia bichi limelazwa chini ya mlango ili vumbi lisiingie kwenye kompyuta, na nilijua ni nani. Kwetu wakati ule mwanaume hakwambii. Anatuma wazee kwa baba yako. Mpaka wazee wafike, wewe msichana unakaa kama hujui kitu, na yeye anakaa kama hana neno. Nilikuwa nasubiri wazee wa Dirma.

Lakini mwaka huohuo ilikuja nafasi. Fundi au dereva mmoja angepelekwa ng'ambo, kwenye nchi ya hao wataalamu, akajifunze mashine mpya kwa mwaka mzima. Sharti lilikuwa Kiingereza. Kwanza alama za kompyuta, kisha kuhojiwa na mtaalamu. Kila mtu alijua Bura anaitaka. Na mimi nilijua zaidi ya wote, maana nilikuwa naona anavyobonyeza. Kila neno nililoandika kwenye ile mashine lilikuwa linamsogeza mbali na mimi, nami niliendelea kuandika. Sijui kama mnanielewa. Ukimpenda mtu huwezi kumnyima neno.

Ikatokea ajali, au tuseme nusura itokee. Ilikuwa katikati ya mavuno. Kombaini ya Bura iliziba, akazima, akaingia chini mbele kule kwenye visu kutoa majani. Mtaalamu mmoja tuliyemwita Bwana Pita akapanda kwenye kiti. Akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti, "Hujamaliza?"

Bura, akiwa na mkono ndani, akajibu, "Yes."

Bwana Pita akawasha.

Visu vilishika mkono wa koti lake. Lilikuwa koti kuukuu, namshukuru aliyelishona vibaya, maana lilichanika begani na yeye akatoka upande wa pili akiwa na nusu ya koti. Alibaki na mchubuko tu. Walipozima, Bwana Pita akashuka, uso mwekundu, anasema, "Umesema yes!" Na Bura, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, naye akasema, "Ndiyo, nimesema yes!"

Waliletwa darasani wote wawili. Mzee Shabani akawasikiliza, akachukua chaki.

"Pita amesema kweli," akasema, "na Bura amesema kweli. Sisi tukiulizwa hujamaliza, tunamjibu aliyeuliza. Ndiyo, umesema sawa, sijamaliza. Wao wanajibu jambo lenyewe. Yes, nimemaliza. No, sijamaliza. Ndiyo yetu na yes yao kwenye swali la namna hii zinapeana kisogo."

Kisha akanigeukia. Alifungua karatasi ya alama. Kwenye somo la "yes" na "no" Bura alikuwa amepata yote. Mashine ilimwuliza ndiyo ni nini, akaandika yes. Ilimwuliza hapana ni nini, akaandika no. Hayo ndiyo niliyoandika mimi. Haikuwa na kosa. Ilimfundisha kile nilichoijaza, na mimi nilikuwa nimeijaza maneno, sikuijaza mtu anayeuliza akiwa juu ya kiti na mwingine anayejibu akiwa chini ya visu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala. Bado kidogo tu nimwue kwa neno moja.

Kuanzia kesho yake niliandika maswali. Hujala? Hujazima? Hakuna mafuta? Hawajafika? Sio yako? Arobaini, kisha arobaini mengine. Mwanafunzi alipewa swali la Kiingereza pamoja na habari yenyewe, kwamba kwa mfano mafuta yapo, na alitakiwa achague yes au no. Bura aliyakosa karibu yote. Ile twii ilisikika mpaka karakana, wakaanza kumtania, "Kuku wa Bura ana njaa leo." Hakujali. Alirudia na kurudia. Wiki ya tatu kuku alinyamaza.

Hapa ndipo niwaambie jambo ambalo sijalisoma kwenye kitabu chochote. Lugha ya pili haikai chumbani kwake. Inatoka, inaingia chumba cha ile ya kwanza, inasogeza viti. Siku moja Bura alikwenda kantini mchana, kachelewa. Mama Neema, aliyekuwa anapika pale, akamwuliza, "Bura, hujala?"

Bura akasema, "Hapana." Alimaanisha hapana, sijala.

Mama Neema akasikia hapana, nimeshakula, kama sisi sote tunavyosikia. Akafunika sufuria, akampa makande yote mtu mwingine. Bura akakaa pale kwenye benchi, mikono magotini, anasubiri sahani. Alisubiri mpaka filimbi ya kazi ikapigwa, akaondoka na njaa yake bila kuuliza, maana alikuwa hivyo, hawezi kudai. Mama Neema alipokuja kujua alimfuata shambani na ugali kwenye kanga, huku anamsema. Mzee Shabani alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo mtu akimwuliza Bura jambo, akijibu hapana, wanamwuliza tena, "Ya kantini au ya kombaini?" Ya kantini ilikuwa ya Kiswahili. Ya kombaini ilikuwa ya Kiingereza. Naye anatabasamu anawaambia ni ipi.

Kabla ya mahojiano, Mzee Shabani aliniita ofisini. Nadhani alijua, wazee wanajua. Akaniuliza, "Martina, Bura yuko tayari? Ukiniambia bado, tutampeleka mwingine, na yeye atasubiri mwakani."

Ningeweza kusema bado. Hakuna ambaye angenishuku. Nilitazama dirisha, nikaona kombaini yake inakuja mbali, na vumbi nyuma yake.

"Yuko tayari," nikasema.

Ilikuwa kweli, ndiyo maana nikaisema. Lakini nimeijutia nikiwa najua ni kweli. Mtu anaweza kufanya hivyo vyote viwili kwa pamoja.

Alipita. Tukaenda kumsindikiza Katesh, stendi, asubuhi ya saa mbili. Karakana nzima ilikuja, na mama yake kutoka Dirma na shuka jipya, na watoto wa majirani. Nilikuwa mmoja kati ya watu thelathini. Alipeana mikono na kila mtu, shikamoo kwa wazee mmoja mmoja, mpaka akanifikia. Wazee wa Dirma walikuwa hawajafika kwa baba yangu. Sikuwa na haki ya kuuliza kitu. Nilitaka kusema utarudi lini, ikatoka nyingine, ile ya mtu mwenye hofu.

"Bura," nikamwambia, "hutarudi?"

Akanitazama machoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Hapana, Mwalimu," akasema.

Kondakta akagonga bodi, watu wakamsukuma ndani, basi likaondoka. Na mimi nikabaki nimeshika ile hapana kama mtu aliyepewa sarafu ya nchi asiyoijua.

Mnaona? Kama ni ya kantini, amesema hapana, si hivyo, nitarudi. Kama ni ya kombaini, amesema hapana, sitarudi. Na kwa miezi mitatu iliyotangulia nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe, kwa maswali themanini, kujibu ya kombaini.

Mtasema ungemwandikia. Nyie mnauliza kila kitu kwa kidole, na jibu linafika kabla chai haijapoa. Barua ilichukua miezi. Na msichana wa kwetu hamwandikii mwanaume ambaye wazee wake hawajafika. Yeye aliandika, lakini kwa karakana nzima, kwa Kiingereza, kwa fahari, na mimi ndiye niliyezisoma kwa sauti mbele ya darasa, sauti yangu ikiwa imara kama ya Mama Haraka. Theluji inafika magotini. Kombaini za huku zina redio ndani. Msalimieni Mwalimu. Watu walipiga makofi, nikabandika barua ukutani, na saa ya chakula nilirudi kusoma mstari ule mmoja.

Mwaka wa kwanza niliamini ya kantini. Mwaka wa pili barua ikaja kwamba ameongezewa masomo. Wa tatu, kwamba amepewa kazi ya muda kwenye shamba la huko. Sauti yangu haikutetemeka siku hiyo, lakini moyoni nikasema, basi, ilikuwa ya kombaini. Mwalimu gani anaamini kwamba somo lake halikuingia?

Baadaye akaja mganga wa zahanati, mtu wa Singida, jina lake Elia. Alituma wazee kwa baba yangu kwa adabu. Baba aliniita nje, kwenye zizi. Sikuwahi kumwambia neno juu ya Bura, lakini aliniuliza, "Yule wa Dirma hatarudi?"

"Ndiyo, baba," nikasema. "Hatarudi."

Nikaolewa. Elia alikuwa mtu mwema, mnyamavu, mcheshi kwa watoto, na nimemzika kwa machozi ya kweli. Hilo lieleweke. Mtu anaweza kumpenda mume wake na bado mavuno yakifika akasikia mngurumo mbali akageuza kichwa.

Kuhusu mashine yenyewe, mlichoniuliza, jibu langu ni hili. Itumieni. Kwa maneno, kwa tahajia, kwa kurudia bila aibu, hakuna mwalimu atakayeifikia, na simu zenu zinaongea, zinasikiliza, zinawasahihisha hata hiyo "s" yetu. Lakini kila ukimaliza somo, toka nje ukamtafute mtu, umwulize kitu ambacho jibu lake unalihitaji kweli. Hapo utajua umejifunza nini. Na jibu likikuchanganya, uliza tena palepale, hata kama basi linaondoka, hata kama watu thelathini wanakutazama. Mafundi waliijua dawa hiyo, ya kantini au ya kombaini, maneno matano tu, na mimi mwalimu wao nikaona haya kuyasema.

Mashamba yakaanza kudorora. Vipuri vikaadimika, jenereta likawa linawashwa mara moja kwa wiki, kisha halikuwashwa. Mzee Shabani akastaafu akarudi Kigoma. Mimi nikahamishiwa shule ya hapa Katesh. Kompyuta niliiacha chini ya kitenge changu, na sikurudi kukichukua.

Mwaka wa tano tangu Bura aondoke, mwezi wa nane, mchana, nilikuwa nyumbani na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Elia alikuwa zahanati. Nikasikia hodi. Alikuwa Bura, amenenepa kidogo, amevaa kofia ya huko ng'ambo, akaivua.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, ingawa tulilingana umri, maana mwalimu ni mwalimu.

Nikamkaribisha kiti. Akaweka kofia mezani. Akamsifu mtoto, akauliza jina lake. Akauliza hali ya karakana, nami nikamwambia. Kisha akasema, taratibu kama alivyokuwa, "Natoka Mbulu. Nilikwenda na wazee wangu watatu. Baba yako alitupokea vizuri sana. Akatuambia."

Nilishika ukingo wa meza. "Ulisema hapana," nikamwambia. "Pale stendi. Nilikuuliza hutarudi, ukasema hapana."

"Nilisema hapana."

"Nilidhani ni ya kombaini."

Aliigeuza kofia yake pale mezani. Mtoto alikuwa anavuta nywele zangu. "Ningekujibuje Kiingereza, Mwalimu?" akasema. "Wewe uliniuliza kwa Kiswahili."

Nilichotaka ni kimoja tu, asiondoke bado, akae pale hata nusu saa. Nikainuka. "Hutakunywa hata chai?" nikamwuliza.

"Ndiyo," akasema.

Nikashukuru Mungu, nikaenda jikoni upesi nikabandika maji, nikaosha kikombe kizuri. Nilipogeuka kumwuliza sukari, kofia haikuwepo mezani na kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa amenijibu kwa Kiswahili.